Karatasi Juu ya Jina la Mzee Firmin

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana sipendi watu wanaosimulia ya wenzao huku ya kwao wameyakalia. Zile lebo za London niliziuza mimi. Zilikuja zimeviringishwa kwenye mkanda mrefu, kitambaa cheusi na maandishi ya dhahabu, zimefumwa vizuri kuliko suti nyingi zinazowekewa. Mimi Tabia, ambaye wengi huniita Mama Samira, mtu wa Tanga, mwenye kibanda cha vifungo, zipu na bitana hapa Fordsburg, Johannesburg, nilizikata moja moja nikampa Placide azishone ndani ya makoti aliyoyatengeneza hapa hapa. Tumefanya hivyo miaka sita. Kwa hiyo nikimsema mtu humu, mjue na mimi nimo.

Placide ni fundi cherehani kutoka Katuba, Lubumbashi. Alifika Johannesburg na mkasi mmoja na anwani ya binamu ambaye tayari alikuwa amehama. Miaka minne alilinda ghala la mizigo kule Midrand, akivaa sare iliyomzidi ukubwa, mpaka siku moja akaichukua akaipunguza mwenyewe kwa sindano ya mkono akiwa kwenye kibanda cha getini. Wiki iliyofuata walinzi wenzake wote walikuwa wamempa sare zao. Hivyo ndivyo alivyorudi kwenye kazi yake. Alipotafuta mahali pa kuweka cherehani, nikampa chumba cha nyuma ya kibanda changu, tukatenganisha kwa pazia, na tangu hapo najua kila kitu chake na yeye anajua kila kitu changu, hata nisivyopenda.

Ni mtu mpole kupita kiasi, na mimi upole wa namna hiyo hunikera. Mteja akimpandishia sauti, yeye anatazama futi yake ya kupimia kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mimi ndiye ninayetoka nje ya pazia na kumjibu mteja.

Wateja wake wakubwa ni watu wa klabu. Wanajiita mod. Mara ya kwanza kuwaona, wanaume saba waliovaa suti nyeusi zilizobana wakishuka kwenye Vespa zenye vioo vingi kama duka la kinyozi, nilidhani ni watu wa mazishi, nikataka kuwapa pole. Kumbe ni watu wazima wenye kazi zao. Wapo wa Soweto, wapo wa maofisini Midrand, wapo Wahindi wa hapa hapa Fordsburg, Wakenya wawili, Wakongo kadhaa. Wanapenda mavazi na muziki wa vijana wa Kiingereza wa miaka ya sitini, ambao nao walikuwa wakivaa suti za Kiitaliano na kucheza nyimbo za watu weusi wa Marekani. Nilimwambia Placide anieleze kwa nini mtu mweusi wa Johannesburg amwige Mwingereza aliyekuwa akimwiga Mmarekani mweusi. Si wangefupisha safari? Placide akacheka, akatoa picha mfukoni. Kijana mwembamba mwenye gitaa, suti ya vifungo vitatu, kola nyembamba, suruali imeishia juu ya viatu. Picha ilipigwa Lubumbashi. Ni baba yake, Mzee Firmin.

Suti ya mod haina huruma. Inabana kwapani, inabana kiunoni, na mwenye kuivaa anataka kucheza nayo saa nne bila kuachia mshono. Placide ana namna yake. Akishapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kabla ya kushona kweli, anamvalisha mteja na kumwambia acheze. Anaweka simu yake juu ya meza, anafungulia rumba ya kwao, na mteja anacheza nyimbo mbili nzima huku fundi akimzunguka na chaki mdomoni, anaangalia wapi nguo inavuta. Nimewaona wote wakicheza pale, mabwana wa ofisini wamefumba macho, makoti yananing'inia nyuzi nyeupe. Wengine waliomba wimbo wa tatu na hakukuwa na haja ya wimbo wa tatu. Bintiye, Falonne, aliyezaliwa hapa na anayemjibu baba yake kwa Kiingereza na Kizulu, alikuwa akipita na vipokea sauti vyake vya amapiano masikioni, anawatazama, anatikisa kichwa na kwenda zake.

Lakini ukumbini rumba ilikuwa marufuku.

Ukumbi wao ni wa harusi, mtaa wa tatu kutoka kwangu, ghorofani. Mwenyewe ni Mwislamu, hataki pombe, kwa hiyo wanacheza Jumapili moja ya kila mwezi, kuanzia saa tisa mchana hadi magharibi, kwa soda na chai, na chai na sambusa ni zangu. Ndiyo maana nayajua magomvi yao. Mtu wa nje angedhani wote wanapenda kitu kimoja. Wapi! Kuna kambi ya soul ya Marekani, na hao ndio wenye serikali. Kuna kambi ya ska ya Jamaika, wanaopewa nusu saa na kila mara wanalalamika kuwa wamekatwa dakika. Kuna wachache wanaotaka magitaa ya makelele ya Waingereza, na hao wakianza kucheza, wengine wanakuja kwangu kununua sambusa kwa hasira. Siku moja mtu wa soul alichomoa waya wa spika katikati ya wimbo wa ska, wakakabana makoti, na trei yangu ikaenda chini yote. Makoti yenyewe yalishonwa na Placide, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kukagua kwapa za wote wawili. Hazikuwa zimeachia. Alifurahi sana.

Mpiga santuri wa soul, na kwa hiyo mkubwa wa mahali pale, ni Gaël. Kijana wa miaka ishirini na saba, mrefu, mzuri wa sura, na anajua. Mama yake, Thérèse, ni msusi kutoka Bukavu na ni rafiki yangu. Alimleta mtoto akiwa na miaka mitano, wakakaa Alexandra. Mwaka 2008 watu walipoanza kuwafukuza wageni, Gaël alikuwa na miaka kumi. Thérèse alinisimulia kwamba usiku ule alimziba mdomo kwa kiganja chake ili asije akasema neno la Kiswahili, na tangu siku hiyo mtoto hakusema tena lugha hiyo mbele za watu. Anasikia kila kitu, anakujibu kwa Kiingereza. Hilo ninalielewa. Ninalielewa kabisa, na bado nina hasira naye.

Sasa kuna desturi yao moja lazima niieleze. Wapiga santuri wa soul wanashindana kupata nyimbo ambazo wengine hawana. Mtu akipata santuri adimu, anabandika karatasi nyeupe katikati, juu ya jina la wimbo na la mwimbaji, ili mwenzake asichungulie akaenda kuitafuta. Halafu anatangaza jina la uongo, alilobuni. Watu wanacheza, wanauliza, yeye anatabasamu. Na hakuna kosa kubwa katika klabu ile kama kubandua karatasi ya mtu mwingine. Mmoja aliwahi kuibandua, akafungiwa mwaka mzima. Watu wazima, wana watoto, wanaficha jina la wimbo kama siri ya ndoa.

Mwaka huu klabu ilitimiza miaka kumi. Wakapanga kwamba kwenye sherehe kila mwanachama wa zamani ataleta wimbo mmoja aupendao, na Gaël atatangaza kwenye kipaza sauti jina la mwimbaji na jina la aliyeuleta. Placide walimfanya mwanachama wa heshima, kwa sababu karibu kila suti iliyomo ukumbini imepita mikononi mwake. Alikuja kuniambia akiwa ameshika futi kwa mikono miwili. Sijapata kumwona vile.

Baba yake alirekodi santuri moja tu maishani. Alikuwa kijana wa migodini, na wenzake wa Katuba waliunda bendi, Orchestre Tulizana, wakaingia studio siku moja, nyimbo mbili, upande huu na upande ule. Bendi ikavunjika. Mzee sasa ana miaka sabini na tisa, macho yameondoka, anakaa kwa binti yake Héritière kule Lubumbashi. Hakuna redio iliyopata kumtaja. Placide alichotaka ni kimoja tu: wimbo upigwe, jina litajwe, na mzee awe kwenye simu alisikie.

Héritière alitoa santuri kwenye sanduku, akaiweka katikati ya trei mbili za kuokea mikate, akafunga kwa kitenge, akampa mwanamke anayesafiri kwa basi. Ilipita Zambia, ikapita Zimbabwe, ikafika kwangu baada ya wiki tatu, na mimi ndiye niliyefungua fundo. Haikuwa na mkwaruzo wa maana. Mzee alikuwa ametoa agizo moja kwa simu, na Placide alilirudia mara nyingi hadi nikamwambia inatosha: upigwe upande wa pili. Upande wa kwanza mzee hautaki, hata nyumbani hakuruhusu upigwe. Placide mwenyewe aliusikia mara moja tu, utotoni, kwa jirani.

Gaël akaja dukani kuisikiliza, na mashine yake ndogo ya santuri. Akasikiliza upande wa pili hadi mwisho, kisha akasema haiwezekani. Alisema kwa adabu, kwa Kiingereza. Kwamba ni rumba nzuri lakini ni rumba, na klabu ina muziki wake. Kwamba watu wataketi, na watu wakiketi siku ya sherehe hawainuki tena. Kwamba ukifungua mlango huo, kesho mtu ataleta taarabu. Hapo alinitazama mimi. Nikamtolea uvivu. Nikamwambia taarabu ingewafaa sana, maana ina maneno ya kuwapasha watu wenye roho ndogo kama yeye. Placide akaniomba ninyamaze.

Na mimi, kwa kumheshimu yeye, nikanyamaza. Hilo nalo silisahau.

Gaël akasema aichukue santuri aisafishe, ainakili kwenye kompyuta yake, maana ni ya zamani na itaharibika. Placide akashukuru. Akashukuru! Nilitaka kumpiga kwa meta ya mbao. Kumwambia baba yake kwamba imekataliwa hakuweza. Kila nilipomuuliza, alisema labda Gaël atabadili mawazo, kijana ana moyo mzuri, ni mtoto wa kwetu. Jumapili ikafika, na kule Lubumbashi Héritière alikuwa amemvalisha mzee suti, ile ya kwenye picha au mfano wake, na kumkalisha karibu na simu. Mzee aliamini ni leo.

Ukumbi ulijaa siku hiyo. Watu wamenyoa, wamepaka viatu rangi, Vespa zimepangwa chini mtaa mzima hadi wenye maduka wakalalamika. Placide alikuwa kwenye kona ya nyuma karibu na meza yangu, na pasi yake na sindano, kwa sababu siku za sherehe lazima kifungo cha mtu kitoke. Alikuwa amempigia baba yake, simu imeegemezwa kwenye birika langu la chai. Nikamuuliza atamwambia nini. Akasema atamwacha mzee asikilize sherehe tu, na mwishoni atasema muda ulikwisha. Nikamwambia huo ni uongo mbovu. Akasema anajua.

Wanachama wakawa wanaleta nyimbo zao mmoja mmoja, Gaël anatangaza, watu wanapiga makofi. Ilipofika katikati, Gaël akapandisha santuri yenye karatasi nyeupe. Akasema hii ni zawadi yake mwenyewe kwa klabu, kitu ambacho hakuna mtu Afrika nzima anacho, kimetoka Detroit kule Marekani. Akatia sindano.

Ngoma ilianza kwanza, kavu, halafu gitaa. Mimi si mtu wa soul, lakini mguu wangu ulianza wenyewe chini ya meza. Mtu akaimba kwa Kiingereza kilichokuwa kikiteleza, kwa sauti ya juu yenye kitetemeshi, na ukumbi mzima ukaingia uwanjani. Hata wa ska. Hata wale wa magitaa ya makelele. Sijapata kuona kambi zote zikicheza wimbo mmoja. Nikamgeukia Placide nimwambie leo wamepatana, nikakuta ameacha pasi juu ya koti la mtu, moshi unatoka, na yeye hauoni.

"Mama Samira," akaniambia, "ule njo papa."

Aliitambua sauti: yule ndiye baba yake, na santuri ni ile ile aliyompa Gaël aisafishe, upande wa kwanza. Na kwenye simu mzee alikuwa ameitambua vilevile, kwa sababu nilimsikia Héritière akishangilia na mzee akimwambia anyamaze asikie. Nikaitoa pasi kwenye koti. Usoni mwa Placide, Mungu anisamehe, kulikuwa na furaha. Alidhani Gaël amemfanyia mshangao. Alidhani sasa litatajwa jina. Wimbo ukaisha, watu wakapiga kelele na mbinja, wakadai jina, na Gaël akachukua kipaza sauti, akasema hao walikuwa The Lakeside Barons.

Ukumbi ukapiga makofi kwa ajili ya Barons.

Simu ikasema, kwa sauti ya kizee iliyo wazi kabisa: "Mama, ule banaita njo nani?"

Kwao 'wa' yetu ni 'ba': alikuwa akimuuliza Héritière huyo wanayemwita ni nani. Placide aliniwekea simu mkononi, akaanza kutembea. Nikamwambia mzee asubiri kidogo, kwamba huyo ni mwingine, zamu yake inakuja. Hayo ndiyo niliyosema. Nilimdanganya mzee kipofu aliyevaa suti, nikawa kama wale wengine wote. Nikamfuata Placide na simu nimeishika juu kama taa.

Alipita katikati ya wachezaji bila kumgusa mtu. Akapanda jukwaani, akaitoa santuri kwenye mashine, akabandua karatasi. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mmoja wa kamati akapiga kelele kwamba hilo haliruhusiwi. Placide akainua santuri waone, lakini nani angesoma maandishi madogo vile kutoka mbali? Akaonekana tu kama fundi aliyechanganyikiwa, ameshika karatasi iliyokunjamana.

Gaël alimshika mkono. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema Kiswahili, tena mbele ya ukumbi mzima.

"Papa Placide, ningesema ni ya Lubumbashi, wangeketi. Nilitaka wacheze. Si wamecheza?"

"Wamecheza na nani? Na Barons?" Placide akamuuliza.

Gaël alikuwa akitazamwa na watu mia, na mtu akitazamwa hivyo hutafuta cha kujikingia. Akafungua koti lake kwa mikono miwili, bitana nyekundu ikatoka nje, niliyomuuzia mimi, na pale kifuani upande wa kushoto, kitambaa cheusi na maandishi ya dhahabu.

"Na hii? Hii nani alishona?"

Sitaki kusema nilijisikiaje. Nasema tu kwamba nilitazama makoti yaliyokuwa karibu nami, moja, mawili, matano, yakiwa wazi kwa joto la kucheza, na kila moja lina London. Placide alikubali tangu mwanzo. Mteja wa kwanza alipoomba, alisema sawa, kama anavyosema sawa kwa kila mtu. Aliogopa kwamba wakijua suti imetoka nyuma ya pazia la Fordsburg hawataivaa. Na mimi nilimwambia, nakumbuka vizuri, nilimwambia: weka tu, fundi, wafurahi.

Placide alitia mkono mfuko wa juu na kutoa wembe. Mafundi wote hutembea na wembe, umefungwa kwenye kipande cha karatasi, wa kufumulia. Lakini watu wa ukumbini hawakulijua hilo. Mwanamke mmoja alilia, mwanamume akarukia jukwaa. Gaël alirudi nyuma hadi akagonga meza.

"Vua," Placide akasema.

Gaël akavua. Placide akalilaza koti juu ya mashine ya santuri, akainama, na kwa ncha ya wembe akakata mishono minane, polepole, bila kugusa bitana. Ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mzee akipumua kwenye simu. Akaing'oa lebo, akaiweka juu ya ile karatasi nyeupe, akampa mwenye koti koti lake.

"Mi niliogopa kama weye," akamwambia. "Nimetoa yangu. Sasa sema."

Wa kamati walikuwa wamefika jukwaani kumshusha. Gaël akawazuia kwa mkono. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote vitatu, kitu ambacho mod hafanyi kamwe, akachukua kipaza sauti. Nilidhani ataleta maneno ya kujipamba, na nilikuwa nimejiandaa kumtukana kwa lugha tatu. Akasema kwa Kiswahili, na lafudhi yake ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi: "Aliyeimba ni Mzee Firmin wa Katuba, Lubumbashi. Orchestre Tulizana. Wimbo umeletwa na mtoto wake, Placide, fundi wetu." Halafu akarudia kwa Kiingereza kwa ajili ya wengine.

Watu wachache walipiga makofi. Wengine walinong'ona. Nikaiinua simu, nikaiweka sikioni, nikamuuliza mzee kama amesikia. Nilidhani atakuwa amezidiwa na furaha. Kumbe alikuwa amekasirika.

"Nimesikia," akasema. "Umwambie ageuze."

Nikamwambia sikuelewa. Akanieleza haraka haraka, kama mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa. Ule upande wa Kizungu hawakuutaka. Mwenye studio aliwaambia rumba tu haitauzwa, waimbe kama Wamarekani, akawaandikia maneno kwenye karatasi, na wao hawakujua maana ya hata neno moja. Waliuimba ili waruhusiwe kuimba wa kwao. Wa kwao ulikuwa upande wa pili. Sasa hawa watu, akasema, wamefurahia kitu ambacho yeye mwenyewe kilimwaibisha maisha yake yote, na wanadhani wamemheshimu. Wageuze.

Nikapanda jukwaani na sambusa zangu zikipoa kule nyuma, nikamwambia Gaël neno kwa neno. Sikupunguza ukali. Akatazama ukumbi, akamtazama Placide, akageuza santuri.

Rumba ilianza, gitaa likitembea taratibu, na yale Gaël aliyoyatabiri yakatokea. Watu wakasimama wima, wakatazamana. Kambi ya soul ikaondoka karibu yote, wakashuka kwenda kutazama Vespa zao. Wa kamati walitoka wakisema tutazungumza wiki ijayo, na kweli walizungumza, na Placide akafungiwa mwaka mmoja kwa kosa la kubandua karatasi. Wanaume wale wale waliofumba macho nyuma ya pazia langu na kuomba wimbo wa tatu, walinipita mlangoni bila kunitazama. Niliwaita kwa majina. Nilimwambia mmoja wao, mtu wa Midrand, kwamba koti lake limeshonwa kwa muziki huu huu, asijifanye hamnazo. Akanunua soda, akaondoka nayo.

Placide alishuka jukwaani akasimama katikati ya uwanja uliobaki mtupu. Kisha akaanza kucheza, peke yake, mikono chini, anavyowachezesha wateja. Wakaja watu wawili wa ska, kwa chuki tu dhidi ya soul, nadhani. Wakaja Wakenya wale wawili na Wakongo wanne. Akaja mzee mmoja wa Soweto aliyesema huu muziki ulikuwa ukipigwa zamani, yeye akiwa mtoto, kwenye redio ya jirani. Falonne, aliyekuja kumchukua baba yake, alitoa vipokea sauti masikioni, akasimama, halafu naye akaingia. Gaël alibaki kwenye mashine. Koti lilikuwa wazi sasa, na mahali pa lebo palionekana matundu madogo ya sindano.

Santuri ikaisha. Mzee akaniuliza kwenye simu ni wangapi waliocheza. Niliutazama ukumbi, viti vimeachwa ovyo, vikombe nusu, mlango wazi, na kelele za Vespa zikiwashwa huko chini. Ningeweza kumwambia ukumbi mzima. Nilikuwa tayari nimemdanganya mara moja siku hiyo, na kwa miaka sita nilikuwa nikiuza uongo kwa mkanda.

"Kumi na mmoja, baba," nikasema.

Nilimsikia akimtajia Héritière hesabu hiyo.

"Ni bengi," akasema. "Pa Katuba tulianza na bane."